Herufi R iliyoelekeza Bogotá: uchambuzi wa ajali ya Cali kwa rubani binafsi

Saa 3:41 usiku wa tarehe 20 Desemba 1995, ndege ya American Airlines, safari namba 965, iligonga mlima karibu na mji wa Buga nchini Kolombia. Ilikuwa Boeing 757 iliyotoka Miami kwenda Cali, na ndani yake walikuwamo watu 163. Walionusurika ni wanne. Injini zote mbili zilikuwa zikifanya kazi, anga lilikuwa safi, na marubani wote wawili walikuwa watu wazoefu. Ndege nzima isiyo na hitilafu yoyote iliendeshwa mpaka ikaingia mlimani.

Ajali hii hufundishwa zaidi kwenye mashirika makubwa ya ndege. Mimi nataka tuiangalie kwa jicho la rubani binafsi, yule anayerusha ndege ya injini moja akiwa peke yake na kifaa cha GPS mbele yake. Ni kweli 757 ile haikutegemea GPS. Kompyuta yake ilijua mahali ilipo kwa vipimo vya mwendo vya ndani ya ndege yenyewe, vikisahihishwa na redio za ardhini. Lakini kanzidata ya urambazaji iliyokuwamo ndani ya kompyuta hiyo, yaani orodha ya vituo, viwanja na njia, iliandaliwa kwa kanuni za ARINC 424, na kanuni hizo ndizo zinazotumika hadi leo kuandaa kanzidata za GPS zinazoingia kwenye ndege ndogo. Ndege ya Cali ilikuwa na marubani wawili wa kusaidiana, na bado kosa likawapita wote wawili.

Kuna jambo lingine linalonifanya nikirudie kisa hiki. Marubani wengi wakisikia "kosa la kanzidata" hufikiria tarakimu iliyokosewa: mnara uliowekwa mahali pasipo pake, au njia ya kutua iliyosogezwa. Yapo makosa ya namna hiyo, na nitayagusa. Cali hakukuwa na tarakimu hata moja iliyokosewa. Kila kituo kilikuwa pale kanzidata ilipokisema. Kilichopishana ni jina: chati ilikiita kituo hivi, kompyuta ikakitambua vile, na rubani akawa katikati bila kujua kuwa vitu hivyo viwili havisemi lugha moja.

Bonde, usiku, na ofa ya njia fupi

Uwanja wa Cali upo kwenye bonde refu linalokwenda kaskazini na kusini. Uwanja wenyewe una mwinuko wa futi 3,162, na pande zote mbili za bonde imesimama milima ya Andes inayozidi futi 12,000. Ndege inayotoka kaskazini huingia bondeni na kushukia humohumo. Usiku milima ile haina taa, kwa hiyo rubani huijua kwa kuisoma kwenye chati. Mwongoza ndege wa Cali hakuwa na rada. Alichojua kuhusu mahali ndege ilipo ni kile tu alichoambiwa na marubani kwa redio.

Safari ilikuwa imechelewa kuondoka Miami kwa karibu saa mbili. Mpango ulioingizwa kwenye kompyuta ulikuwa wa kuupita uwanja kwa kuelekea kusini, kugeuka, kisha kutua kwenye njia namba 01. Mwongoza ndege aliwapa kibali cha kwenda kwenye kituo cha VOR (mnara wa redio wa kuongozea ndege) cha Cali na kuwataka waripoti watakapopita VOR ya Tulua, iliyopo kaskazini zaidi. Nahodha aliporudia kibali hicho aliongeza kwamba wanakwenda Cali "moja kwa moja", akauliza kama ni sawa, naye mwongoza ndege akajibu kuwa ni sawa. Nahodha akaiambia kompyuta iende Cali moja kwa moja. Kompyuta ikafanya kama ilivyoundwa: ikaviondoa kwenye skrini vituo vyote vya katikati, Tulua ikiwa mojawapo.

Yeyote anayetumia GPS ya ndege anaijua tabia hii. Ukibonyeza kitufe cha kwenda moja kwa moja, mstari mpya unachorwa na vituo ulivyovipanga kwa uangalifu ukiwa ardhini vinatoweka mbele ya macho. Kwa kawaida huna haja navyo tena. Usiku ule Tulua ilikuwa bado inahitajika sana.

Dakika tano hivi kabla ya mgongano, mwongoza ndege alisema upepo umetulia, akauliza kama wanaweza kutua kwenye njia namba 19, yaani kuingia moja kwa moja kutoka kaskazini bila kuzunguka. Nahodha akamuuliza rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha. Akajibu kwamba itabidi wahangaike kushuka lakini wanaweza. Wakakubali. Kwa kuwa bado walikuwa juu mno, waliinua breki za mabawa, yale mabamba yanayosimama juu ya bawa ili ndege ishuke kwa kasi bila kuongeza mwendo.

Hapo ndipo kazi ilipowazidi. Kulikuwa na chati mpya ya kutafuta na kusoma, kompyuta ya kubadilisha, mazungumzo na Cali, na ndege inayoshuka muda wote. Utaratibu mpya ulianzia Tulua, na Tulua haikuwapo tena kwenye skrini. Wakati wanaitafuta, walikuwa ndio wanaipita.

Walichoandika na walichopata

Utaratibu wa kuingia Cali kutoka kaskazini uliitwa Rozo 1. Rozo ni kituo kidogo cha redio, NDB, maili chache kaskazini mwa uwanja. Kwenye chati kilionyeshwa kwa jina lake na kwa herufi yake ya utambulisho, R, ambayo ndiyo herufi kilichokuwa kikitangaza kwa Morse, yaani kwa milio mifupi na mirefu, kwenye masafa ya kilohezi 274. Nahodha aliomba kwenda Rozo moja kwa moja kisha aufuate utaratibu, akaruhusiwa. Kompyuta ikaandikiwa R.

Kompyuta ikaleta orodha ya NDB 12 zenye herufi R, ikianza na iliyo karibu zaidi na ndege. Ikachaguliwa ya kwanza, na kitufe cha kutekeleza kikabonyezwa. Ya kwanza ilikuwa Romeo, iliyopo Bogotá, maili za baharini 132 kutoka Cali upande wa mashariki kidogo kaskazini. Rozo haikuwamo kabisa kwenye orodha ile.

Sababu ya kutokuwamo inastahili kuelezwa polepole, kwa sababu ndiyo kiini cha kisa. Kanzidata ya urambazaji hukitambua kila kituo kwa mchanganyiko wa mambo machache: aina ya kituo, herufi zake za utambulisho, na msimbo wa eneo la dunia kilipo. Mchanganyiko huo lazima uwe wa pekee. Viwili vikifanana, kompyuta haina namna ya kuvitenganisha. Rozo na Romeo zote zilikuwa NDB, zote zilikuwa R, zote zilikuwa Kolombia, na hata masafa yake yalikuwa yaleyale 274. Moja ilibidi ipishe. Romeo inayohudumia mji mkuu ikabaki na R, na Rozo ikahifadhiwa kwa jina lake kamili. Kuipata kwenye kompyuta ilikuwa lazima uandike herufi zote nne: ROZO.

Sasa mfuate kila mmoja aliyehusika. Aliyechora chati aliandika R kwa sababu ndiyo herufi inayosikika redioni. Aliyeandaa kanzidata alifuata kanuni inayokataza marudio. Kompyuta ilileta kilichoombwa. Aliyeandika R aliandika kilichopo kwenye chati. Ukikagua kazi ya kila mmoja peke yake utasema ni sahihi, na ndiyo maana kosa la aina hii halinaswi na ukaguzi wa kawaida wa data. Mkaguzi anayelinganisha kanzidata na latitudo na longitudo za vituo angeipitisha bila swali.

Na kuhusu kuchagua jina la kwanza kwenye orodha: sioni kuwa ulikuwa uzembe tu. Orodha hupangwa kwa ukaribu, na karibu kila mara kituo unachokitaka ndicho kilicho karibu. Rubani anayefanya hivyo mwaka baada ya mwaka na kupata jibu sahihi amefunzwa na kompyuta yenyewe kuamini mstari wa juu. Ni sawa na kutafuta namba ya mtu kwenye simu ukabonyeza jina la kwanza linalotokea. Siku namba ya rafiki yako imehifadhiwa kwa jina jingine, anayepokea ni mtu mwingine kabisa.

Ndege ikaanza kugeuka kushoto, kutoka nje ya bonde, kuelekea mashariki kwenye milima. Iliendelea hivyo kwa takriban dakika moja huku ikishuka. Nje ilikuwa giza tupu. Kinasa sauti kiliwanasa marubani wakiulizana wako wapi na wanaelekea wapi. Walijaribu kuirudisha Tulua kwenye kompyuta, lakini Tulua sasa ilikuwa nyuma yao, na kuifuata kungewageuza walikotoka. Hatimaye wakaamua kugeuka kulia ili waurudie mstari wa kuingia uwanjani. Uamuzi huo ungekuwa mzuri kama wangeacha kushuka. Hawakuacha. Kati yao na bonde sasa kulikuwa na safu ya milima.

Onyo la ukaribu wa ardhi lililia sekunde 13 hivi kabla ya mgongano. Mfumo wa wakati ule ulipima ardhi iliyo chini ya ndege tu, hivyo haukuweza kuuona mlima uliokuwa mbele. Rubani msaidizi alivuta pua juu na kuzipa injini nguvu zote. Breki za mabawa zilibaki zimeinuka. Ndege iligonga kwenye mwinuko wa futi 8,900 hivi, jirani na kilele.

Mwongoza ndege aliyeshindwa kuuliza

Kuna sehemu ya uchunguzi inayonigusa kuliko zote. Mwongoza ndege, ambaye lugha yake ni Kihispania, aliwaeleza wachunguzi kwamba maombi ya marubani hayakumwingia akilini. Walikuwa wakiomba kwenda mahali ambako hakukuoana na umbali waliokuwa wameripoti. Alisema kwamba kama marubani wangekuwa wanazungumza Kihispania, angewaambia kuwa ombi lao halina mantiki na angewauliza zaidi. Kiingereza chake kilitosha kwa maneno ya kawaida ya kuongoza ndege, hakikutosha kwa mjadala wa namna hiyo. Akawauliza umbali, akapewa tarakimu, akaendelea.

Kwa hiyo alikuwapo mtu mmoja nje ya ndege aliyehisi kwamba kuna kitu hakiko sawa, na hisia hiyo haikupata njia ya kutoka. Rubani binafsi anayeruka nchi isiyo yake, akitumia lugha ambayo yeye na mwongoza ndege wote waliijua shuleni, aikumbuke sehemu hii. Neno "sawa" kwenye redio linathibitisha kuwa sentensi imesikika. Halithibitishi kwamba aliye chini anaona kilicho kwenye skrini yako.

Ripoti ilisema nini

Kumbukumbu ya kompyuta ya safari ilipatikana kwenye mabaki, na data zake zilisaidia kuthibitisha kuwa kilichochaguliwa kilikuwa Romeo. Bila kipande hicho kidogo huenda tungebaki na dhana tu.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Kolombia, Aeronáutica Civil, iliuweka uzito mkubwa kwa marubani. Hawakupanga vya kutosha namna ya kuingia njia namba 19 na walitumia mitambo isivyofaa. Hawakuacha jaribio la kutua licha ya dalili nyingi kwamba ni busara kuliacha. Walipoteza picha ya mahali walipo, ya milima, na ya vituo vya redio. Hawakurudi kwenye redio za msingi pale kompyuta ilipoanza kuwachanganya na kuwaongezea kazi. Kwenye sababu zilizochangia, ripoti ilitaja mambo mawili yanayohusu mada yetu moja kwa moja: kompyuta iliyofuta vituo vya kati ilipoambiwa iende moja kwa moja, na kanzidata iliyotumia majina tofauti na yale ya kwenye chati. Ilisema pia kwamba rubani aliyetekeleza badiliko lile hakulihakiki kwanza kwenye skrini, na wala mwenzake hakulithibitisha, ingawa taratibu za kampuni zilitaka hivyo.

Mwaka 2000 baraza la mahakama mjini Miami liligawa lawama kwa asilimia: 75 kwa American Airlines, 17 kwa Jeppesen iliyoandaa kanzidata, na 8 kwa Honeywell iliyotengeneza kompyuta. Mgawanyo huo ni wa kisheria na ulihusu fidia, lakini naona unakaribia ukweli wa kiufundi. Kanzidata peke yake isingeua mtu yeyote usiku ule. Ilichofanya ni kuigeuza ndege upande usiofaa wakati wahusika hawakuwa na nafasi ya kugundua.

Tofauti na ajali ya Mlima Erebus ni ya kufundisha. Mwaka 1979, tarehe 28 Novemba, ndege ya Air New Zealand iliyokuwa katika safari ya utalii Antaktika iligonga mlima huo, wakafa watu 257. Huko tarakimu ya longitudo kwenye mpango wa safari wa kompyuta ilikuwa na kosa kwa zaidi ya mwaka, ikasahihishwa usiku wa kuamkia safari, na marubani hawakuambiwa. Walikuwa wameandaliwa kwa njia ya zamani inayopita juu ya bahari. Kompyuta iliwapeleka kwenye njia iliyosahihishwa, kuelekea mlimani. Data sahihi, mikononi mwa watu wenye picha nyingine kichwani. Matatizo hayo mawili ni ndugu.

Sekunde kabla ya kubonyeza

Tuje kwenye ndege ndogo. Kitu ambacho kingelizuia kosa la Cali hakihitaji kifaa kipya. Wakati R ilipoandikwa, ndege ilikuwa imeripoti maili 38 kutoka Cali, na Rozo ilikuwa mbele yao, karibu kuliko Cali yenyewe, upande wa kusini. Romeo ilikuwa zaidi ya maili 100, upande wa kushoto. Mtu aliyejiambia kabla ya kugusa kitufe, "ninatarajia uelekeo wa kusini na umbali usiozidi maili 40", asingehitaji kujua lolote kuhusu ARINC 424. Namba mbili zingemkatalia.

Neno muhimu hapo ni kabla. Ukisoma uelekeo na umbali baada ya kifaa kukuonyesha, akili hukubali haraka kile inachokiona na kutafuta sababu ya kukihalalisha. Ukiwa na matarajio yako tayari, hata ya kukadiria, tofauti inajitokeza yenyewe. Vifaa vingi vya GPS huonyesha uelekeo na umbali wa kituo kabla hujathibitisha, na vingine huuliza unakusudia kipi pale herufi zinapofanana, vikitaja eneo au nchi. Ukurasa huo wa maswali huonekana kama usumbufu, na rubani mwenye haraka huupita kwa kubonyeza mara mbili. Huo ndio ukurasa wa orodha ya R. Ukitokea, jua uko mahali palepale waliposimama marubani wa 965.

Kwa utaratibu wa kutua kwa vyombo, yaani bila kutegemea kuona nje, ulinganisho unakwenda mbali kidogo. Pakia utaratibu kwa jina lake kutoka kwenye kanzidata. Usijitengenezee kwa kuingiza nukta (mahali pa kupitia) moja moja, maana hilo haliruhusiwi kwa kuruka kwa vyombo. Kisha fungua orodha ya vipande vya njia kwenye kifaa, weka chati pembeni, na upitie kimoja kimoja: jina la nukta, uelekeo wa kwenda inayofuata, umbali, na mwinuko. Fanya hivyo ardhini, na ukirudie kipande cha mwisho ukiwa angani kabla ya kuanza kushuka.

Utakuta tofauti ndogo, na ni vizuri kujua zipi ni za kawaida. Uelekeo kwenye chati na kwenye kifaa unaweza kupishana kwa sababu kila kimoja kimetumia thamani yake ya mkengeuko wa sumaku, yaani tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini halisi. Mwongozo wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kuhusu urambazaji wa RNAV (kuruka kwa kufuata nukta za kompyuta) unasema tofauti ya nyuzi 3 au pungufu inaweza kutokana na hilo na inakubalika. Umbali wa DME, redio ya kupimia umbali, nao hupimwa kwa mshazari kutoka angani hadi mnarani, ilhali GPS hupima juu ya ardhi, kwa hiyo ukiwa juu na karibu ya mnara namba hazitalingana. Nje ya hapo, nukta inayokosekana, kipande kinachogeuka upande usiotarajiwa, au mwinuko usiofanana ni sababu ya kusimama. Kwa Marekani mwongozo wa marubani wa FAA uko wazi: chati na kanzidata zikitofautiana kwa kiasi cha maana, inayofuatwa ni chati pamoja na NOTAM zake, yaani matangazo rasmi ya mabadiliko kwa marubani.

Kuhusu tarehe ya kanzidata, nitasema kwa ufupi kwa sababu marubani hukumbushwa sana. Data za anga hubadilishwa kila siku 28 kwa mzunguko wa AIRAC unaofuatwa dunia nzima. Kanzidata iliyopitwa inaweza kuwa na njia iliyofutwa au kituo kilichozimwa, na kwa kuruka kwa vyombo hilo halivumiliki. Lakini kuisasisha kusingemsaidia mtu Cali. Rozo isingepata R yake kwa mzunguko mpya, kwa kuwa haikuipoteza kwa kupitwa na wakati. Napata wasiwasi ninaposikia rubani akisema "kanzidata yangu ni ya mwezi huu" kana kwamba ukaguzi umeisha.

Kisha yapo makosa tunayoyaingiza wenyewe. GPS ya ndege ndogo humruhusu rubani kuhifadhi nukta zake: kiwanja cha nyasi, bwawa, kona ya eneo lililozuiwa. Tatizo la kwanza ni jina fupi linalofanana na la kituo halisi. La pili ni muundo wa tarakimu, na hili linawakamata hata waangalifu. Chukua latitudo yenye dakika 12 na sekunde 30. Kifaa kikitaka dakika na desimali, hiyo ni 12.50. Ukiandika 12.30 umekosea kwa sehemu mbili za kumi za dakika, na kwa kuwa dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, nukta yako imehama mita 370 hivi. Kwenye skrini ya ramani iliyovutwa mbali hutaona chochote. Kwenye kiwanja kilichopo kati ya vilima, hizo ni mita nyingi. Kwa koordineti zilizochukuliwa kwenye ramani za zamani kuna jambo la ziada: tangu tarehe 1 Januari 1998 kipimo rasmi cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa urambazaji wa anga ni WGS-84 (mfumo mmoja wa koordineti kwa dunia nzima), na ramani zilizochorwa kwa vipimo vingine zinaweza kukisogeza kilekile kiwanja bila mtu kukosea kuandika.

Baada ya Cali, ndege kubwa zilifungwa mifumo ya onyo inayobeba ramani ya ardhi yenyewe na kutazama mbele, si chini tu. Marekani ilipitisha sharti hilo mwaka 2000 kwa ndege za injini za tabo (turbine) zenye viti vya abiria sita au zaidi. Ndege nyingi za binafsi haziguswi na sharti hilo, ingawa GPS na tableti nyingi sasa huonyesha ardhi kwa rangi. Zitumie, lakini kumbuka kwamba rangi hizo nazo zinatoka kwenye kanzidata, na kwamba hutegemea kifaa kujua mwinuko wako sahihi.

Na skrini ikikupa kitu usichokielewa, mpangilio wa kufanya mambo ndio huu: acha kushuka, panda hadi mwinuko salama wa eneo hilo, shika uelekeo unaojua hauna mlima, kisha ndipo ushughulike na kifaa. Marubani wa 965 walijaribu kuitatua kompyuta na kurudi kwenye mstari huku altimeta ikiendelea kuteremka. Mwambie mwongoza ndege kwa maneno mepesi kwamba huna uhakika na mahali ulipo. Kama una VOR, iweke, isikilize Morse yake, na uisome sindano.

Ukishatua salama, liripoti ulichokiona. Andika namba ya mzunguko wa kanzidata, jina la utaratibu, tarehe ya chati, kifaa na toleo la programu yake, na kipi hasa kilitofautiana: "chati inasema uelekeo huu, kifaa kinasema huu". Piga picha ya skrini ukiwa bado hujazima umeme. Mpelekee aliyeandaa kanzidata, na mamlaka ya anga kama chati yenyewe ndiyo yenye shaka. Waandaaji wa kanzidata hutoa tahadhari kwa wateja wao hata katikati ya mzunguko wa siku 28, na rubani anayekwenda uwanja uleule kesho yake anaweza kuikuta imeshatolewa kabla hajawasha injini.